Ndege Zangu za Kaskazini

Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumapili, 18 Februari 1979

Mdogo wangu Paskalina,

Anayekuandikia ni mimi kaka yako Tarsis, mwenye miaka sabini na moja kwa kitabu cha ubatizo, na zaidi kidogo kwa magoti yangu. Mjerumani kaondoka mimi nipo. Mwingereza kaja, kaondoka, mimi nipo. Ndui imepita, njaa imepita, wake zangu wawili nimewazika, na hata soko la zamani la Kariakoo, ambalo mifereji yake ya bati niliiunga kwa risasi ya kuyeyusha kwa mkono wangu huu na hakuna mtu aliyewahi kusema inavuja, limevunjwa mimi nikitazama. Nimebaki. Ila sasa nimechoka, mama Eliasi, na uchovu huu si wa kupanda ngazi.

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani? Kile kifua chako kimetulia, au bado kinakubana wakati wa kuokota korosho? Wajukuu hawajambo? Nisalimie katekista na uwaambie wazee wenzangu wa Lukuledi kwamba nasimama bado kwa miguu yangu. Huku sisi tunapumua. Sukari ni ya foleni, sabuni ni ya foleni, na unga tunaokula ni ule wa njano ambao Bi Siti, mwenye nyumba wetu, anasema ni chakula cha kuku wa Ulaya na sisi tushukuru tumepandishwa cheo. Redio inasema vijana wetu wanasonga mbele huko Kagera. Kila nyumba ya mtaa huu ina mtu wake vitani, isipokuwa hii yetu ambayo ina mtu wake mahabusu.

Barua yako ya Krismasi niliipata. Bakili, utingo wa lori la korosho, alinikabidhi mkononi, na huyo huyo ndiye atakayekuletea hii. Niliisoma mara nne. Umelia sana humo ndani. Umeuliza mtoto wako amekosa nini, umemlaani Balozi Abbasi kwa jina lake na jina la baba yake, na umesema umeweka nia ya misa ili Mungu amwonyeshe Abbasi alichokutendea. Nakuomba umfuate padri uiondoe nia hiyo. Sababu utaiona mbele. Usiruke mistari, soma kama ninavyoandika, maana mimi huandika polepole na jambo hili linataka polepole.

Nianze na ndege, kwa sababu bila ndege hutaelewa kitu.

Wewe unajua kazi yangu. Miaka thelathini na tano nimetembea juu ya mapaa ya mji huu. Nyumba zote za Wahindi kule Mchafukoge, zile za ghorofa zenye maduka chini, naijua mifereji yake kuliko wenyewe wanavyowajua watoto wao. Na mtu wa juu ya paa anaona ya juu. Ndiyo maana ndege nazijua. Mbayuwayu naijua siku yake ya kuja. Na kuna moja ndogo, ya kijivu, ina weusi machoni kama mtu aliyejifunga kitambaa, ikiruka unaona kiuno cheupe, ikitua haikai kwenye mti, inakaa juu ya jiwe au ukingo wa paa na kutikisa mkia. Hiyo haizaliwi kwetu. Inatoka kaskazini kabisa, kwenye barafu. Mwaka mzuri nitaiona moja au mbili. Kuna miaka haikuja hata moja, na watu walidhani naisingizia.

Hayo nilimwambia mama mmoja wa Kizungu, mwalimu wa wanyama pale Mlimani, aliyenikuta juu ya paa la rafiki yake nikiziba mfereji. Sisi tulimwita Mama Darubini. Yeye ana vioo viwili shingoni na vitabu kabati zima, na bado alikaa chini kwenye ngazi akanisikiliza mimi. Akaniomba kila zikija ndege za kaskazini niandike tarehe, idadi, zimetua wapi na zimeelekea wapi. Akasema hasa nitazame mwaka ambao zitakuja nyingi kupita kawaida, au zitashuka kusini kuliko desturi yake, kwa maana hapo huko kwao kutakuwa kumeharibika jambo, baridi au njaa, na ndege hujua kabla ya watu. Alipomaliza mkataba wake Julai mwaka jana akaniachia bahasha kumi zenye anwani ya kwao imepigwa chapa tayari. Mzee Tarsis, akasema, wewe ndiye jicho langu Dar es Salaam. Sijawahi kumficha mtu maneno hayo. Nimeyasema sokoni, nimeyasema kanisani, na Bi Siti alinijibu kwamba jicho la Mzungu lingekuwa la maana kama lingeona pia kwamba choo cha uani kinahitaji bati.

Kuandika nilijifunza ukubwani, hilo unalijua. Mwalimu Pantaleo alikuwa akitufundisha kisomo cha watu wazima jioni kwenye madarasa ya watoto, magoti yangu yakigonga dawati. Nikafaulu hatua ya nne. Darasani nilikuwa mzee kuliko wote na cheti changu kilitangulia kutolewa, ingawa Pantaleo anasema ni kwa sababu walipanga kwa umri. Nilikitia kwenye fremu nikakitundika sebuleni kwa Bi Siti, mahali ambapo kila anayeingia lazima akione.

Basi, mwaka jana mwishoni mwa Oktoba nikaziona. Siyo moja, siyo mbili. Kwenye uwanda wa Jangwani nilihesabu tisa, kesho yake kumi na nne, zimejitawanya juu ya vichuguu na matofali yaliyovunjika, kila moja inatikisa mkia. Kwenye lile paa jipya la soko, lile la saruji lililotengenezwa kama miavuli iliyogeuzwa, paa lisilotaka mfereji wa mtu, nikaona sita. Zimekonda. Zinatua kama mtu aliyetupwa. Zinapumzika kidogo, kisha zinainuka kuelekea kusini, upande wa kwenu. Paskalina, jambo hilo sijaliona tangu nimezaliwa. Nikasema leo jicho limeona.

Na siku zile zile ndipo vita ilipotangazwa. Tarehe mbili Novemba tulikuwa tumezunguka redio ya Bi Siti mtaa mzima, hakuna aliyekohoa. Mimi nilisikia kama wote. Lakini nitakuambia ukweli, moyo wangu ulikuwa Jangwani.

Tarehe tatu asubuhi nikaandika. Maneno yenyewe nayakumbuka kama sala: Ndege za kaskazini zimeingia nyingi si kawaida. Jangwani kumi na nne. Paa la soko sita. Zinatua, zinapumzika, zinaelekea kusini. Kesho nitahesabu tena. Nikampelekea Pantaleo aione, kwa kuwa nilitaka asifu.

Hakusifu. Alisoma akakuna kichwa. Akasema Mzee Tarsis, ndege mwenye manyoya ni wa, wa kaskazini, wameingia, wanatua. Ukiandika za, zimeingia, zinatua, hizo ni zile za chuma za uwanja wa ndege. Hili nilikufundisha mwaka mzima. Nikamwuliza, wewe kwenu mnasema mbuzi zangu au hamsemi? Akasema tunasema. Ng'ombe zangu? Akasema ndiyo. Ndugu zangu? Akasema ndiyo mzee, lakini. Nikamwambia hakuna lakini. Kama ndugu zangu si za chuma na mbuzi zangu si za chuma, basi na ndege zangu si za chuma, na mimi nilikuwa naunga mifereji wewe bado hujakatwa kitovu. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniomba, kwa hali ya siku hizi mzee wangu, badilisha hizo herufi mbili tatu, au usiitume kabisa wiki hii. Nikamnyang'anya karatasi.

Eliasi alikuwepo. Alikuwa anapitia kunijulia hali kabla ya kwenda kazini kwake duka la ushirika, kama kila asubuhi, na hakuna asubuhi aliyonikosesha. Akasema mjomba, lete niinakili vizuri, dakika mbili tu, mwandiko wangu ni msafi. Nikamjibu kwamba jicho la Mama Darubini ni mimi, si yeye, na mwandiko utakaofika Ulaya utakuwa wangu. Mpwa mwenye adabu hamjibu mjomba wake. Akachukua karatasi na bahasha, akasema atanunua stempu posta na kuifunga huko huko.

Hakufika posta. Pale Mnazi Mmoja walikuwapo mgambo wanapekua kila mkoba. Wakaisoma karatasi. Ndege za kaskazini, zimeingia, kumi na nne, zinatua, zinaelekea kusini, kesho nitahesabu tena. Na bahasha ina anwani ya nchi za nje. Sasa wewe mwenyewe, Paskalina, ungekuwa mgambo, na vita ina siku moja, ungefanyaje? Eliasi akasema ni ndege wa angani, ndege wa Mungu. Wakamwuliza kama ndege wa Mungu mbona za. Akasema ni ya mjomba wangu, ndivyo anavyoandika.

Hapa ndipo kalamu inakuwa nzito. Bakili amekaa barazani anasubiri, nimemwambia anywe chai ya pili.

Mchana ule walikuja watu wawili wa kituo, na Balozi Abbasi amewaongoza, kwa sababu ni mjumbe wetu wa nyumba kumi na hakuna anayeingia nyumba bila yeye. Hicho ndicho mtaa ulichokiona, Abbasi akiingia na askari, na hicho ndicho nilichokuandikia mwezi ule, kwamba Abbasi amemuuza mtoto wako. Uliona ile barua ilikuwa na mwandiko wa mtu mwingine. Nilimlipa mwandishi wa barua pale nje ya posta aniandikie. Sikutaka mtu anione nimeshika kalamu.

Walinikuta uani. Hawakunipiga, hawakunitukana, wakaniamkia shikamoo kwanza. Wakaniuliza mzee, unajua kusoma na kuandika?

Nikasema sijui.

Nikasema hata herufi a siijui. Nikasema mimi ni fundi bati wa zamani, macho hayaoni, barua zangu naandikiwa. Mdogo wangu, mimi, ambaye Kariakoo nzima inanitania kwa kujisifia cheti, nilikikana mbele ya watu wawili wenye kofia, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Abbasi alinitazama. Alijua. Alikunywa kahawa chini ya kile cheti mara ngapi! Alinitazama muda mrefu, ananisubiri mtu mzima nijisahihishe mwenyewe. Sikujisahihisha. Yeye hakuweza kumwumbua mzee mbele ya vijana wale. Wakatoa karatasi, nikabonyeza dole gumba langu kwenye wino, Abbasi akatia sahihi kuwa shahidi.

Na cheti? Habari ya Mnazi Mmoja ilikuwa imenifikia kabla yao, na walipokuwa bado uani kwa jirani nilishakiondoa ukutani. Nilikitia kwenye jiko la Bi Siti, chini ya kikaango cha vitumbua. Fremu na vyote. Bi Siti akasimama na upawa mkononi. Akaniuliza Mzee Tarsis umepatwa na nini. Nikamwambia afunge mdomo. Alifunga. Tangu siku ile ananipa chakula, ananisalimia, lakini hanitanii tena, na hujui mwanamke yule asipokutania nyumba inavyokuwa.

Nilijiambia watamwachia kesho. Kisha nikajiambia wiki. Nikajiambia vita ikigeuka. Nikiamka usingizini najiambia mimi ni mzee, nitafia mahabusu, yeye ni kijana atatoka. Hivyo ndivyo miezi mitatu na nusu ilivyokwisha. Mtaa ukamtenga Abbasi. Foleni ya unga watu wakawa wanampa mgongo. Nami nikampa mgongo pamoja nao.

Ijumaa iliyopita alinijia. Hakukaa. Akasema mzee, mimi mtaa unanitukana na nimevumilia, sitaki uniombe radhi. Nimekuja kukuambia jambo moja nililolisikia kituoni. Akasema Eliasi alipoambiwa kwamba mjomba wako amekana, hajui kuandika, alisema basi msimsumbue mzee. Karatasi ni yangu. Mimi ndiye niliyeandika.

Tangu Novemba wanamshikilia kwa kukiri kwake mwenyewe. Nani atamtetea mtu aliyekubali?

Sisi kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Ulinipa Eliasi ana miaka kumi na miwili, ukasema huyu sasa ni wako, mlinde. Mimi ndiye niliyemtia ndani kwa ubishi wa herufi mbili, na mimi ndiye niliyefunga mlango kwa dole gumba. Siandiki unisamehe. Naandika ujue, na kuna kazi nataka uifanye.

Jana nilikwenda kituoni. Nilitembea toka hapa, nikapumzika mara tano. Nikamwambia askari kijana wa mezani kwamba karatasi ile ni yangu. Akafungua jalada, akanionyesha dole langu. Akasema babu, hapa umesema hujui kuandika, leo unajua? Nikaomba kalamu niandike mbele yake. Askari akinitazama, herufi zikanitoka kama mikwaruzo ya kuku. Akanihurumia, Paskalina. Mimi Tarsis nimehurumiwa. Akasema babu, tangu Novemba umepata muda wa kufundishwa. Kila mjomba anayekuja hapa anataka afungwe badala ya mpwa wake. Nenda nyumbani ukalale. Nikamwuliza ataamini nini. Akasema mashahidi wa mdomo hawatoshi, alete mtu maandishi yako ya kabla ya vita, yenye tarehe isiyobishika, mkubwa wangu atayatazama.

Mimi sina. Mama Darubini anazo karatasi zangu, lakini barua ya huko na kurudi ni miezi. Nimekwishampelekea habari kwa barua ya mkono wa Pantaleo. Ila wewe unayo moja. Desemba mwaka juzi, alipofariki shemeji, nilikuandikia pole kwa mkono wangu mwenyewe, kurasa mbili, bahasha ina muhuri wa posta. Nakujua huchomi barua ya msiba. Humo mwishoni nilikuandikia, badala ya kukufariji vizuri, kwamba ndege zangu zimekuja moja tu mwaka huo. Nimeandika za. Nashukuru kwa mara ya kwanza kwamba nilikosea.

Itafute leo. Iweke na bahasha yake, usiikate muhuri. Mkabidhi Bakili. Anageuza Alhamisi, na akichelewa mvua zitafunga kivuko cha Rufiji na hakuna lori litakalopita hadi Juni. Nawe usije, kifua chako hakifai safari. Wakiniamini nitakaa mimi mahali pa Eliasi mpaka wanielewe, na wakikataa kunielewa nitakaa. Nimeishi muda wa kutosha kwenye hewa.

Wasalimie wote wa mji wako, wakubwa kwa wadogo. Ukimwandikia Abbasi, mwandikie shikamoo. Ingawa ni mdogo kwako, amestahili.

Na kama mtu huko Lukuledi atasema kaka yako amezeeka anaota, wenye kunishuhudia ni hawa. Mwalimu Pantaleo, aliyeniambia wa nikakataa. Bi Siti, aliyekiona cheti kikiungua. Abbasi mjumbe, aliyenisubiri niseme kweli nisiseme. Wa nne ni Eliasi mwenyewe, yeye anajua kuliko wote, maana alinishika mkono nilipokuwa nafanya kazi ya nyumbani ya kisomo. Lakini yeye msimwulize. Mkimwuliza, atasema mjomba wake hajui kuandika.

Ni mimi kaka yako,
Tarsis, fundi bati.
Nimeandika mwenyewe.